Yesu wa nywele za kahawia, Moyo wenye taa na saa ya Karamu ya Mwisho: vitoke sebuleni?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Nimelelewa Machame katika familia ya Kilutheri, nikaolewa Kibosho kwa Wakatoliki, na sasa tunaishi Dar es Salaam. Mama mkwe wangu ni mcha Mungu na ananipenda sana. Kila akija anatuletea zawadi za dini: picha ya Yesu mwenye nywele ndefu za kahawia, Moyo Mtakatifu wa Yesu wenye taa nyekundu ya umeme, saa ya ukutani yenye Karamu ya Mwisho, chupa ya plastiki yenye umbo la Bikira Maria, na juzi bango la maua lenye aya ya Biblia. Sebule imejaa. Mimi naona vitu hivi havipendezi, tena naona kama vinamfanya Mungu kuwa kitu cha kuchezea. Mume wangu anasema nina majivuno ya msomi. Mtoto wetu ameniuliza kama Yesu ni Mzungu. Sanamu moja imevunjika mkono, nimeificha kabatini kwa sababu naogopa kuitupa. Nivitoe au niviache?"

Jibu: Marahaba, mwanangu. Kuona kwamba kitu hakipendezi si majivuno. Yangekuwa majivuno kama ungesema aliyekileta ana imani pungufu kuliko yako, na hilo hukulisema. Kwa hiyo baki na jicho lako, na baki na heshima yako kwa mama mkwe. Katika majibu yangu yote hapa chini sitakuomba uache hata kimoja kati ya hivyo viwili.

Kwa kuwa umelelewa na Walutheri, tuanze na Luther mwenyewe. Mwanzoni mwa 1522, wakati yeye yuko mafichoni katika ngome ya Wartburg, watu wa Wittenberg walianza kuondoa na kuvunja sanamu makanisani kwa fujo. Luther alitoka mafichoni, na kuanzia Machi 9 akahubiri siku nane mfululizo kuwatuliza. Alisema picha ni jambo la hiari: kuwa nazo si amri, kutokuwa nazo si amri, ingawa yeye aliona ni afadhali zisingekuwepo. Kilichomkera hasa ni mtu kuweka sanamu kanisani akidhani amemfanyia Mungu kazi njema, ilhali fedha ile ingemfaa maskini aliye mlangoni. Ishike hoja hiyo, tutaihitaji.

Kwa upande wa mumeo, Mtaguso wa Pili wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 787, ulifundisha kwamba heshima inayopewa picha humfikia yule aliyechorwa. Mama mkwe wako akisali mbele ya Moyo Mtakatifu hasali kwa karatasi wala kwa balbu. Lakini Kanisa hilohilo halijawahi kusema kwamba kila picha inafaa. Mtaguso wa Trento, Desemba 1563, uliagiza ushirikina wowote uondolewe katika matumizi ya picha takatifu na kila pato la aibu likomeshwe. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya liturujia ya Desemba 4, 1963, uliwaambia maaskofu waondoe makanisani kazi za sanaa zinazochukiza kwa sababu ni duni au ni za kughushi, na ukataka hata picha nzuri ziwekwe kwa kiasi na kwa mpangilio. Maagizo hayo yanahusu makanisa, si sebule yako, ila mumeo akisema ladha haihusiani na imani, mwonyeshe hati hiyo. Mwulizeni paroko wake, huenda anayo.

Sasa tuviangalie kimoja kimoja, maana havifanani hata kidogo.

Picha ya Yesu. Kama amegeuza uso pembeni, macho yanatazama juu kidogo, nyuma yake ni giza la kahawia, nuru laini inampiga kwenye paji la uso, na hana jeraha wala taji la miiba, basi ni kazi ya Warner Sallman au mwigo wake. Sallman alizaliwa Chicago mwaka 1892, mtoto wa wahamiaji kutoka nchi za kaskazini mwa Ulaya, na riziki yake ilikuwa kuchora matangazo ya biashara. Mwaka 1924 alichora kichwa cha Kristo kwa mkaa kwa ajili ya jalada la jarida la dhehebu lake. Mwaka 1940 alikichora tena kwa rangi za mafuta, na hiyo ndiyo iliyoenea duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, nakala ndogo za kutia mfukoni ziligawiwa kwa askari wa Marekani kupitia Jeshi la Wokovu na YMCA. Nakala zilizochapishwa tangu wakati huo zinakadiriwa kupita milioni 500. Sidhani kama kuna sura ya Kristo iliyochapwa mara nyingi zaidi katika karne ya ishirini.

Kwa nini watu waliipenda hivyo? Mwangalie alivyokaa: kichwa na mabega tu, mandhari meusi, taa ya pembeni. Ni mkao wa picha ya studio. Sallman alimchora Yesu kama vile mpiga picha mzuri angempiga, na mtu aliyezoea picha za studio akiitazama anahisi anamwona mtu anayemfahamu. Ndiyo maana katika sebule zetu inakaa bila shida kati ya picha ya harusi na picha ya marehemu babu. Amekuwa mmoja wa ukoo. Ukilielewa hilo, hutamshangaa mama mkwe wako. Anakuletea picha ya ndugu anayempenda.

Na bado naona kasoro, na nakwambia wazi. Yesu huyu hakutazami. Hana mikono, hana majeraha, hana mtu mwingine karibu naye, hana njaa wala vumbi. Hakuna anachokuomba. Yesu wa Injili hakai na mtu dakika tano bila kumwambia jambo: nifuate, uza ulivyo navyo, nyoosha mkono wako, usitende dhambi tena. Sanaa inayomwondolea Kristo sauti hiyo na kutuachia upole peke yake inatupa faraja ambayo haijamgharimu mtu yeyote. Watu wengi wenye kisomo wanalaumu picha hizi kwa kuwa zinaliza. Mimi siwezi kulaumu hilo, Yesu mwenyewe alilia Bethania. Lakini kule alilia kaburini kwa rafiki yake, mbele ya mauti yenyewe, na ndipo akaagiza jiwe liondolewe. Machozi yale yalikuwa na kazi mbele yake.

Hapo linaingia swali la mtoto, nalo ni swali zuri kuliko yote uliyoniandikia. Mwambie ukweli: Yesu alikuwa Myahudi wa Galilaya, mtu wa Asia Magharibi, na hakuna aliyemchora akiwa hai. Kila unayemwona ukutani amechorwa na mtu aliyemfikiria kwa sura za watu wa kwao. Sallman alifanya hivyo Chicago. Kisha umwonyeshe kwamba na sisi tumefanya hivyo, na kwamba mmoja wa waliofanya hivyo vizuri ni mtu wa mlimani kwenu. Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, aliyesoma sanaa Makerere, mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora michoro mitano mikubwa ukutani katika kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Yakobo huko Murang'a, Kenya, kanisa lililojengwa kuwakumbuka Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Kuzaliwa, ubatizo, karamu ya mwisho, Gethsemane na kusulubiwa, vyote vinatokea katika nchi ya Wagikuyu na watu wake ni weusi. Ukutani pale mtoto anazaliwa na mtu anauawa. Huwezi kusimama mbele ya michoro ile ukajisikia raha tu, maana waombolezaji wa mwanzo waliokaa chini yake walikuwa na majina ya kukumbuka. Njau ndiye baadaye aliyeanzisha kituo cha sanaa cha Paa ya Paa jijini Nairobi, na msemo wake ulikuwa kwamba kuiga kunamlaza Mungu usingizi. Nimewasomesha waseminari kwa msemo huo kuliko kwa kitabu chochote.

Tuje kwenye Moyo Mtakatifu. Huu nitautetea. Ibada hii ilipata umbo lake la sasa kutokana na maono ya mtawa Margareta Maria Alacoque huko Paray-le-Monial, Ufaransa, kati ya 1673 na 1675. Alichoona hakikuwa pambo. Ulikuwa moyo unaowaka, umechomwa, umezungushiwa miiba, juu yake msalaba. Mwaka 1767 Pompeo Batoni alichora kwa ajili ya kanisa la Gesù jijini Roma picha ndogo ya Yesu akiushika moyo wake mkononi na kumtazama anayemtazama, na picha nyingi za Moyo Mtakatifu unazoziona Kariakoo ni wajukuu wa picha hiyo. Pio wa Tisa aliieneza sikukuu yake katika Kanisa lote mwaka 1856, na Leo wa Kumi na Tatu akauweka wakfu ulimwengu wote kwa Moyo huo mwaka 1899.

Katikati ya hayo kulitokea jambo la kiwandani ambalo watu wa dini husahau kulitaja. Mwaka 1837 Godefroy Engelmann alipata hataza, yaani haki ya mvumbuzi, ya kuchapa picha za rangi kwa kutumia mawe, jiwe moja kwa kila rangi. Kabla ya hapo maskini alikuwa na picha sahili ya mchoro wa mbao, au hana kabisa. Baada ya hapo mjane wa kijijini alinunua kwa senti chache rangi ambazo zamani zilikaa kwa wakuu. Wamisionari walibeba chapa hizo hadi kwetu, nyepesi, zikiviringishwa kwenye masanduku. Ni kweli kwamba katika safari hiyo ya kuchapwa na kuchapwa tena mashavu yalizidi kuwa mekundu, miiba ikageuka kuwa utepe na jeraha likawa kito cha thamani. Lakini sitasahau kwamba uchapaji uleule uliompendezesha Yesu kupita kiasi ndio uliomfikisha kwenye nyumba ya makuti.

Kuna jambo jingine ambalo huenda hukuambiwa kwenu Machame. Tangu 1907, kwa juhudi za Padre Mateo Crawley-Boevey wa Peru, familia za Kikatoliki huusimika Moyo Mtakatifu nyumbani: padre hubariki picha, na familia huahidi pamoja kuishi kama watu wenye Kristo kuwa mkuu wa nyumba. Muulize mama mkwe wako kama nyumba yake ya Kibosho ilisimikwa, na nani alikuwepo siku hiyo. Nadhani atakueleza mengi. Taa nyekundu ni bei rahisi, nakubali, ila ahadi iliyo nyuma yake si rahisi. Picha hiyo ningeiacha mahali pa heshima, peke yake, bila kitu kingine kushindana nayo. Taa ikikukera, mwombeni mama muwashe mshumaa wakati wa sala ya jioni na taa ipumzike. Mshumaa utakudai uwepo, na utakudai uuzime kabla ya kulala.

Saa ya ukutani haina mengi. Leonardo aliichora Karamu ile ukutani kwenye bwalo la watawa wa Santa Maria delle Grazie, Milano, kati ya 1495 na 1498, na alichagua wakati Yesu anaposema mmoja wenu atanisaliti. Kila mtume amestuka. Kwenye saa yako mishale inakata meza na dhahabu imefunika nyuso, kwa hiyo mstuko umepotea. Ihamishie jikoni. Saa inahitajika jikoni, na picha yenyewe ilichorwa kwa ajili ya watu wanaokula.

Chupa ya Bikira Maria inatoka kwenye ukoo wa Lourdes, Ufaransa, ambako Bernadeta Soubirous alipata maono mwaka 1858. Itakufariji kujua kwamba mchongaji Joseph-Hugues Fabisch alipomaliza sanamu rasmi ya marumaru mwaka 1864, baada ya kumhoji Bernadeta mwenyewe, binti yule aliitazama na kusema siye aliyemwona. Sanamu ikabaki, na ndiyo iliyomwagwa kwenye kalibu maelfu kwa maelfu. Maduka yaliyozunguka kanisa la Saint-Sulpice jijini Paris yalikuwa yanauza sanamu za plasta za waridi na buluu kwa Ulaya nzima na kwa misheni, hadi jina la mtaa ule likawa lawama midomoni mwa wasanii wa Ufaransa. Kwa hiyo kutoridhika kwako kuna historia ndefu ndani ya Kanisa lenyewe. Chupa ni chombo cha kutilia maji ya baraka, basi itilie maji, iweke chumbani au karibu na mlango, itumike. Kukaa sebuleni ikiwa tupu hakuisaidii kitu.

Bango la maua sijaliona, lakini naweza kukisia aya. Kama ni Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi", usilitoe bado. Chukua kalamu uandike chini yake: aya ya 10. Huko Mungu anawaambia mateka wa Babeli kwamba watakaa miaka sabini kabla ya kurudi, na katika aya zilizotangulia amewaambia wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji uliowateka. Wengi walioisikia barua ile wangezikwa ugenini. Tumaini la namna hiyo lina mifupa. Wachapaji wa mabango, vikombe na fulana wanakata aya moja laini na kuacha miaka sabini nje, nalo ni kosa lilelile la Yesu asiye na mikono. Someni sura yote nyumbani, na mtoto awepo.

Sasa biashara, na hapa nitakuwa mkali zaidi, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumizwa.

Sina ugomvi na mchuuzi. Kila Juni 3 pale Namugongo, Uganda, mahujaji wakienda kuwakumbuka mashahidi, wachuuzi wanajipanga na rozari, fulana, kalenda na picha. Huko Bethlehemu familia za Kikristo zimeishi kwa kuchonga mizeituni kwa ajili ya mahujaji vizazi kwa vizazi. Hiyo ni riziki halali. Anayekuuzia rozari amekuuzia shanga na uzi, na kazi ya kusali amekuachia wewe.

Ubaya unaanza pale kinachouzwa kinapokuwa nguvu. Mafuta ya kulipa madeni, stika ya kuzuia ajali, chumvi ya kuvuta wateja, kitambaa cha kurudisha mume. Simoni wa Samaria alileta fedha ili auziwe karama, na Petro akamjibu kwa maneno makali sana, yako katika Matendo sura ya 8. Sheria za Kanisa Katoliki zinakataza kabisa kuuza masalia matakatifu, yaani mabaki ya watakatifu, na Katekisimu inaita ushirikina kuweka tumaini katika kitendo cha nje cha sala au ishara bila moyo unaotakiwa kuambatana nacho. Wewe ni mtu wa Kilimanjaro, unakumbuka Februari 1, 2020: watu 20 walikufa Moshi, kwenye uwanja, wakikanyagana ili wafikie mafuta ya upako yaliyomwagwa wayakanyage. Walikuwa watu waliokuja kutafuta nafuu. Hakuna Moyo Mtakatifu wa plastiki uliowahi kunitia hofu kama jambo lile. Kwa hiyo kama siku moja mama mkwe ataleta kitu kilichouzwa kwa ahadi ya namna hiyo, hicho mkikatae, na mumeo ndiye aseme, kwa upole, faragha, kama mtoto kwa mama yake. Na ile hoja ya Luther ifanyie kazi hapo: fedha ya chupa ya mafuta impelekee mgonjwa aliye jirani, kwa jina la mama mkwe wako.

Mkitaka kitu kizuri, kinapatikana hapohapo Dar es Salaam. Nendeni Mwenge kwenye vinyago, mumtafute mchongaji, mkae naye, mmwagize msalaba wenu wenyewe. Msichukue ule uliopangwa mezani wa watalii. Mwambieni mnataka Kristo aliyejeruhiwa, na mmuulize yeye angemchonga vipi. Mpingo halisi ni mzito na huzama majini, na mbao laini iliyopakwa rangi ya viatu itaacha weusi kwenye kitambaa ukiisugua. Mlipeni bei ya kazi yake bila kumkaba. Na mama mkwe aende nanyi. Mwacheni achague ukubwa, achague ukuta, na msalaba ukibarikiwa awepo. Atakuwa amekupa zawadi kubwa kuliko zote, na sebule yako itakuwa na kitu kimoja cha kutazama.

Vile vinavyobaki, viwili au vitatu, vigawe vyumbani. Picha ya Sallman iweke mahali mama anapolala akija kuwatembelea. Kama unaweza, usimfiche kitu: aliyeleta zawadi akikuta imehamishwa na amehusishwa hataumia kama akikuta imetoweka.

Na sanamu iliyo kabatini itoe. Kwanza jaribu kuiunga kwa gundi, mkono wa plasta unashika vizuri. Ikishindikana, na kama ilikuwa imebarikiwa, desturi ya Wakatoliki ni kuichoma au kuizika ardhini, isitupwe jalalani, kwa kuwa vitu vilivyobarikiwa hutakiwa kutendewa kwa heshima. Plasta haiungui na plastiki ina moshi mbaya, kwa hiyo ya kwenu izikeni. Vunja vipande vidogo, chimba mahali pasipokanyagwa, fukia. Huhitaji padre kwa kazi hiyo. Mwambie mama mkwe kwamba ilivunjika na kwamba umeogopa kuitupa. Hofu yako hiyo ataielewa mara moja, maana na yeye asingeitupa.